Mali Bila Daftari: Kanga na Haki ya Kunakili

Biashara ya kanga ni biashara ya macho na maneno. Mwanamke aingiapo dukani haulizi kwanza uzito wa pamba wala jina la kiwanda. Hutazama rangi, hutazama pindo, kisha husoma jina. Macho yakipenda na maneno yakigusa moyo, doti hukatwa na fedha hutoka. Pamba hununuliwa na kila mwenye mtaji na bei yake hujulikana sokoni. Mali iliyo kubwa kuliko pamba ni mchoro, yaani ule mpango wa rangi na umbo uliomfanya mnunuzi aache doti thelathini zilizotundikwa mbele yake akachagua moja.

Ajabu ni kuwa mali hii iliyo kubwa ndiyo iliyoachwa wazi. Mwenye duka hufunga mlango kwa makufuli mawili, huajiri mlinzi wa usiku, huhesabu majora kila jioni na kuyaandika kitabuni. Mchoro, ambao ndio uliompa wateja, hauna kufuli wala mlinzi, na mara nyingi haumo hata katika kitabu. Kanga ikipendwa, haipiti muda mrefu kabla ya nyingine kushuka bandarini iliyofanana nayo kama pacha, nyepesi zaidi na rahisi zaidi. Hapo mwenye duka hupiga kelele kuwa ameibiwa, huilaumu serikali kwa uzembe na huilaumu sheria kwa udhaifu.

Kilio hicho kina haki, lakini ni haki nusu. Wafanyabiashara wengi wa kanga hudai wasichostahili na huacha wanachostahili. Hudai maneno, maumbo ya kale na desturi, ambavyo ni mali ya watu wote. Huacha mchoro mpya, hati ya mkataba na jina la mchoraji, ambavyo vingewapa nguvu mbele ya hakimu. Sheria hulaumiwa bure ikiwa aliyewekewa ngao ameiacha nyumbani akaenda vitani mikono mitupu.

Yafaa kwanza ijulikane sheria inalinda nini. Haki ya kunakili, ambayo siku hizi huitwa pia hakimiliki, ni haki ya aliyetunga kazi kuwazuia wengine wasiitoe tena bila idhini yake. Haimlindi mtu kwa sababu amewaza. Humlinda kwa sababu wazo lake amelivika mwili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 hutaka mambo mawili katika kazi ya sanaa: iwe imefanyiwa juhudi ya kutosha hata ikapata sura yake yenyewe, na iwe imeandikwa au imetiwa katika hali ya kuonekana. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 huzihesabu pia kazi za sanaa zilizotiwa katika vitu vya matumizi, ziwe zimefanywa kwa mkono au kiwandani. Haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi. Nchi zilizoingia katika Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, Kenya ikiwa miongoni mwao tangu mwaka 1993 na Tanzania tangu mwaka 1994, haziruhusiwi kumwambia mtungaji wa nchi nyingine mwanachama kuwa hana haki kwa sababu hakujiandikisha. Tena haki hiyo haifi upesi: kwa kawaida ya Kenya na Tanzania huishi maisha yote ya mtungaji, kisha miaka 50 baada ya kufa kwake.

Ngao hii ni pana, walakini ina kingo zake, na kosa la kwanza la wafanyabiashara ni kutaka kuzivuka. Kuna wanaodhani kuwa aliyetangulia kuchapa methali juu ya kanga ameinunua methali ile, na kwamba mwenziwe akiichapa juu ya kanga nyingine ni mwizi. Dai hilo halina mguu wa kusimamia. Methali ilisemwa na mabibi waliokwisha kufa kabla mwenye duka hajazaliwa. Sentensi fupi ya mitaani haina mwenyewe, na mwenye kuitia katika mji wa kanga ameiazima tu. Vivyo hivyo umbo la korosho, ambalo lilipita Uajemi na Uhindi kabla ya kufika pwani hii, na vivyo hivyo kisutu cha arusi chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Hata ule mpango wa pindo pande nne, mji katikati na jina chini ya mji ni urithi wa wote. Mtu akifungiwa haya, kanga yenyewe itakufa, maana kila kanga mpya huzaliwa kwa kuazima kitu katika kanga ya zamani.

Kuchanganya mambo haya si ugonjwa wa maduka ya kanga peke yake. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo The Lion King, yenye maneno “hakuna matata” ndani yake. Baadaye, mwaka 2003, kampuni ile iliandikisha maneno hayo Marekani kuwa alama ya biashara katika nguo. Mwaka 2018 habari hiyo ilipovuma, watu wengi walikasirika na kutia saini ombi la kuipinga, wakisema kuwa lugha ya Kiswahili imeibwa. Hasira yao ilikuwa na chanzo cha heshima, kwa kuwa si jambo zuri tajiri wa mbali kujiwekea uzio katika shamba la watu. Lakini wengi walipigana na kivuli. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema maneno, wala haimpi mwenye alama haki ya kunakili juu ya lugha. Humzuia mfanyabiashara mwingine kuitumia kama alama juu ya bidhaa za namna ile katika nchi ilikoandikishwa. Haki ya kunakili hulinda mchoro, alama hulinda sifa ya mwuzaji, na kila moja ina ofisi yake na masharti yake. Mwenye kuita kisu jembe hatalima wala hatachinja.

Mombasa ilikwisha kutoa mfano mwema wa tofauti hiyo. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ilijulikana pwani nzima kwa maneno iliyoyachapa katika kanga zake, “Mali ya Abdulla”. Maneno yale si methali wala mafumbo ya mapenzi. Ni ushahidi wa asili ya nguo: huyu ndiye mwenyewe, ukiridhika rudi kwake, usiporidhika mlaumu yeye. Wanawake walijifunza kuyatafuta, nayo yakawa na thamani ya fedha. Anayetaka kulinda sifa ya duka na afuate njia hiyo, aiandikishe alama yake. Asiitake haki ya kunakili ifanye kazi isiyo yake.

Kosa la pili ni zito kuliko la kwanza, kwa kuwa ndani yake mna dhuluma. Mwenye duka anayelia kuibiwa mchoro, aulizwe swali moja: mchoro ule uliupataje? Mara nyingi jibu litakuwa kwamba kijana mmoja aliuleta katika karatasi, akalipwa fedha kidogo mkononi, akaenda zake. Hakuna barua, hakuna saini, hakuna tarehe. Pengine jina la kijana limesahauliwa. Ndipo methali ya wahenga inapohukumu pasipo huruma: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya Kenya humhurumia mwenye duka katika jambo hili. Haki huanza kwa mtungaji. Lakini kazi ikiwa imeagizwa, au ikiwa imefanywa na mwajiriwa katika kazi yake, huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa wamepatana vingine. Watu husikia hayo wakalala usingizi. Lakini ni nani atakayethibitisha kuwa mchoro uliagizwa? Kijana aliyekuja na michoro kumi chini ya kwapa na kuuza mmoja hakuagizwa kitu. Aliuza karatasi aliyokwisha kuichora. Uhamisho wa haki yake, kwa sheria ile ile, hutaka maandishi yenye saini. Kwa hiyo mwenye duka aliyelipa bila kuandika yumkini amenunua karatasi tu, na haki imebaki kwa kijana. Siku atakapomshitaki mwigaji, wakili wa mwigaji hatahitaji kuthibitisha kuwa mteja wake ni mtu mwema. Atauliza tu: wewe mdai, haki hii umeipata kwa nani? Na hapo kesi itaweza kuanguka kabla ya nguo mbili kulinganishwa.

Tabia hii ya kumsahau mtungaji na kukumbuka duka ni ya zamani. Uingereza, chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1557, na kwa muda mrefu haki ya kuchapa kitabu ilikuwa ya mwanachama aliyekiandikisha, si ya aliyekitunga. Sheria ya mwaka 1710 ndiyo iliyomtaja mtungaji kuwa chimbuko la haki, ikampa miaka 14 katika kitabu kipya, na mingine 14 ikiwa angali hai. Wenye maduka walishindana na mageuzi hayo kwa miaka mingi. Lakini jambo moja halikurudi nyuma: tangu hapo mwenye duka hana haki ila ile iliyotoka kwa mtungaji. Mto hauwezi kuwa juu kuliko chemchemi yake.

Na atakayesema kuwa mnyonge aliyenunuliwa kwa fedha kidogo amekwisha, na arudi katika filamu ile ile ya simba. Ndani yake ulisikika wimbo uliozaliwa Afrika Kusini. Mwaka 1939 Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu, alirekodi wimbo wa “Mbube” mjini Johannesburg kwa kampuni ya Gallo, akauza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ulivuka bahari, ukabadilishwa maneno, na mwaka 1961 ukavuma duniani kwa jina la “The Lion Sleeps Tonight”. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyoenezwa katika makoloni yake, ilikuwa na kifungu ambacho matajiri walikisahau: haki aliyoiuza mtungaji hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kufa kwake. Kwa nguvu ya kifungu hicho Disney ilishitakiwa Afrika Kusini mwaka 2004, na mwaka 2006 yakafikiwa mapatano ambayo yaliwapa mabinti wa Linda malipo. Wakubwa walidhani wamenunua wimbo milele kwa bei ya kitambaa. Kumbe haki ya mtu hukawia, haipotei. Filamu moja imetoa mafunzo mawili: penye kelele nyingi za “hakuna matata” haki ya kunakili haikuwapo, na penye kimya cha miaka mingi ilikuwapo.

Mfanyabiashara wa kanga na ayatie moyoni yote mawili. Anapomlalamikia mwigaji wa ng’ambo kuwa amechukua bila kulipa, na ajitazame kama yeye naye hakumlipa mchoraji kwa mkono wa birika. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Haki haiwezi kuwa tamu upande mmoja wa meza na chungu upande wa pili.

Kuna hatari nyingine, nayo i kiwandani. Kanga nyingi zivaliwazo pwani zimechapwa Uhindi au Uchina. Mchoro hutumwa, kiwanda huchapa, nguo hurudi. Nchi hizo mbili zimo katika Mkataba wa Berne, Uhindi tangu mwaka 1928 na Uchina tangu mwaka 1992, na kwa hiyo mchoro wa Mombasa au Unguja si yatima huko. Walakini kila nchi ina milango yake. Sheria ya Uhindi ya mwaka 1957 husema kuwa mchoro unaoweza kuandikishwa kama sura ya bidhaa, usipoandikishwa, hupoteza haki ya kunakili mara bidhaa yenye mchoro ule inapotolewa kwa mashine zaidi ya mara 50, kwa mkono wa mwenye haki au kwa idhini yake. Mara hamsini! Kanga hamsini hazijazi hata rafu moja. Si tishio la maneno matupu: kampuni ya Marekani iitwayo Microfibres, iliyoshitaki kwa sababu ya michoro ya vitambaa vya viti, ilishindwa katika Mahakama Kuu ya Delhi mwaka 2006, na rufani yake ikashindwa mwaka 2009, kwa msingi huo huo. Aliyetuma mchoro wake huko pasipo kuuliza habari hii, huenda haki yake ikafa asubuhi ya kwanza ya kuchapwa.

Watetezi wa hali ilivyo wana hoja tatu, na zinastahili kujibiwa.

Husema kwanza kuwa biashara ya kanga ni ya kuaminiana, na kwamba kumtolea mchoraji karatasi ya kutia saini ni kumtukana. Lakini wao hao, wakikopesha majora kwa mchuuzi waliyemjua miaka 20, huandika. Hawaandiki kwa kumshuku, bali kwa kuwa wanajua akili husahau na mauti huja. Ikiwa jora la pamba linastahili mstari mmoja katika daftari, mchoro utakaochapwa juu ya majora elfu unastahili ukurasa.

Husema pili kuwa kanga hupita kama msimu: kesi itakapokwisha, watu watakuwa wanavaa nyingine. Ni kweli kuwa mahakama huenda polepole. Lakini daftari halikuwekwa kwa ajili ya mahakama peke yake. Barua yenye nakala ya mchoro, tarehe yake na saini ya mchoraji huweza kumrudisha nyuma mwingizaji wa mali ambaye barua ya matusi isingemtisha. Zaidi ya hayo, si kila kanga hupita. Ziko zilizopendwa na bibi zikaombwa tena na mjukuu, na mwenye mchoro wa namna hiyo ana shamba la minazi, si shamba la mchicha.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito. Husemwa kuwa kanga imekua kwa kuigana, kwamba kanga rahisi ni sitara ya mwanamke maskini, na kwamba ulinzi ukizidi bei itapanda. Hapana budi kukubali kuwa kuigana kumeikuza kanga. Lakini kuiga mtindo na kunakili mchoro ni mambo mawili. Aonaye kuwa watu wanapenda maua makubwa juu ya manjano, akamwita mchoraji wake akachora maua mengine, ameongeza utajiri wa nchi, wala sheria haimgusi. Achukuaye kanga yenyewe, akaipiga picha na kuichapa kama ilivyo mpaka nukta ya mwisho ya pindo, hakuongeza kitu. Ameokoa ujira wa mchoraji, na hiyo ndiyo siri ya sehemu ya urahisi wa nguo yake. Mwanamke maskini hastahili kufanywa pazia la kumficha mtu huyo. Na huenda mchoraji aliyenyimwa ujira ni mwanawe.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mchoro wa kanga hauanguki kutoka mbinguni. Yuko aliyekesha akipima nafasi ya pindo, akichagua rangi zisizotiana giza, akitafuta mahali pa jina. Mtu huyo akipata riziki ya haki atachora tena. Asipoipata atakwenda kuuza maji barabarani, na maduka yatabaki kunakiliana nakala za nakala mpaka macho ya wanawake yachoke.

Kazi inayotakiwa si kubwa. Mwenye duka na aweke daftari la michoro kama alivyoweka la fedha: nakala ya kila mchoro, tarehe, jina la mchoraji na malipo yake. Na iandikwe hati fupi, kwa lugha aijuayo mchoraji, ikisema ni haki gani iliyouzwa, kwa muda gani na kwa nchi zipi. Na ikiwa mchoro utachapwa tena kwa sababu umependwa, mchoraji apate fungu lake. Mkataba wa kiwanda na uwe na sharti kuwa mchoro hautachapwa kwa ajili ya mtu mwingine. Penye njia ya kuandikisha sura ya bidhaa, kama Kenya ambako ulinzi wake ni wa miaka 5 unaoweza kuongezwa mara mbili hadi 15, mchoro uandikishwe kabla ya nguo kutoka. Alama ya duka ipelekwe kwa msajili wa alama. Na ofisi za haki ya kunakili, kama KECOBO ya Kenya, COSOTA ya Tanzania na COSOZA ya Zanzibar, zitumiwe mchoro ungali mpya. Mwenye duka asiende huko kwa mara ya kwanza siku ya msiba.

Atakayefanya hayo ataweza kumlaumu mwigaji kwa sauti kamili, na kuidai serikali itimize wajibu wake bandarini na mahakamani. Asiyefanya na apunguze kelele. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mwenye duka anayetaka ulinzi wa mchoro, sharti ainame kwanza juu ya meza ile ambayo mchoraji ameketi, amwulize jina lake na kuliandika.